Tunafokewa tumalize dozi, viwanda vinamwaga dawa mtoni na hakuna anayevifokea

Wakuu, nimechoka na kampeni za "maliza dozi". Si kwamba ni uongo, ni kweli kabisa. Lakini kila bango la usugu wa dawa, yaani bakteria kuzoea dawa hadi zisiwaue, linamnyooshea kidole mgonjwa: umeacha vidonge viwili, umenunua bila cheti, umempa mtoto dawa iliyobaki. Sawa, tumesikia. Na anayemwaga antibayotiki, dawa za kuua bakteria, mtoni kwa kilo, bango lake liko wapi?

Mambo haya yako hadharani tangu 2007. Watafiti kutoka Sweden walichota maji Patancheru, karibu na Hyderabad, India, kwenye mtambo unaosafisha majitaka ya viwanda vya dawa vipatavyo 90. Yalikuwa maji yaliyokwisha "safishwa", yanayoachiwa yaende zake. Wakakuta antibayotiki iitwayo siprofloksasini, hii hii sipro tunayoandikiwa kwa maambukizi ya mkojo, hadi miligramu 31 kwenye lita moja. Chukua kidonge cha miligramu 500, kiyeyushe kwenye lita 16 za maji: ndiyo hayo. Damu ya mtu aliyekimeza haifikii hata sehemu ya kumi ya ukali huo. Wakakadiria kwamba kwa siku moja zilipita kilo 45, sawa na vidonge 90,000. Siku moja tu! Halafu mimi nigombezwe kwa viwili.

Kituko chenyewe hiki hapa. Ili bakteria wanaokula uchafu mtamboni wafanye kazi vizuri, walikuwa wakichanganyia majitaka ya majumbani. Yaani bakteria waliotoka matumboni mwa watu wanatiwa tangi moja na antibayotiki, usiku na mchana. Wanyonge wanakufa, wanabaki sugu, na hao sugu wanagawiana jeni za usugu hata na bakteria wasio wa jamii yao. Mtu akitaka kufuga vijidudu visivyosikia dawa, atajenga nini zaidi ya hicho? Baadaye tope la mito ya huko likapimwa, likakutwa limejaa jeni hizo. Sipro ilikutwa mpaka kwenye visima vya vijiji.

Mtasema serikali ipo. Januari 2020 India ilitoa rasimu ya kanuni yenye viwango vya juu kabisa vinavyoruhusiwa vya antibayotiki kwenye majitaka ya viwanda. Kanuni zilipotoka rasmi 2021, viwango vile havimo. Vimeyeyuka. Shirika la Afya Duniani nalo limetoa mwongozo wake Septemba 2024, miaka 17 baada ya matokeo ya yale maji kutangazwa, na mwongozo haumlazimishi mtu. Huku nyuma, makadirio ya mwaka 2019 pekee ni vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ukaguzi. Mkaguzi wa ubora wa dawa anaingia kiwandani, anapima kidonge, anaangalia usafi wa chumba, kofia za wafanyakazi, makaratasi. Bomba la majitaka linalotoka nyuma ya ukuta halimhusu, haliko kwenye kanuni zake. Kwa hiyo kiwanda kinapata cheti safi huku mto wa pembeni ni mchuzi wa dawa. Na wewe mnunuzi huwezi hata kukisusia, maana boksi linakuandikia nani alitengeneza kidonge, halikuambii kiambato chenyewe, ile dawa iliyomo ndani ya kidonge, kilipikwa wapi.

Najua atakuja mtu na "dawa zitapanda bei". Hiyo gharama ipo tayari, ila analipishwa anayekunywa kisima cha jirani na mtambo, na mgonjwa ambaye sindano ya tatu imegoma. Wanunuzi wakubwa wana nguvu: waweke majitaka kwenye masharti ya zabuni, Norwe wameshaanza kufanya hivyo kwa antibayotiki za hospitali.

Anayevitetea viwanda karibu sana, ila aje na vipimo vya majitaka yanayotoka kwenye mabomba yao. Cheti cha ubora wa kidonge akiache nyumbani.