Sindano za goti lililosagika: tupeane uzoefu

Wanajamvi, salaam. Goti langu la kushoto limesagika kwa miaka sita sasa, na kwa kuwa vidonge vimeanza kunisumbua tumbo, daktari wa mifupa amenishauri nichomwe sindano ndani ya kiungo. Kabla sijakubali, naomba waliotangulia watueleze: ilikuwa sindano gani, nafuu ilidumu kwa muda gani, na ni jambo gani mngependa kuambiwa mapema?

Mwalimu Mstaafu
Nimechomwa steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, mara mbili. Mara ya kwanza goti lilikuwa limevimba, hivyo daktari alichoma sindano pembeni mwa kifuniko cha goti, akavuta kwanza maji ya manjano hadi nusu ya bomba kubwa, kisha akabadilisha bomba na kuingiza dawa kupitia sindano ileile. Usiku huo goti liliwaka moto nikadhani nimeharibiwa, kumbe hali hiyo huwapata baadhi ya watu kwa siku moja au mbili, na barafu iliyofungwa kitambaani iliituliza. Siku ya nne nilishuka ngazi nikitazama mbele, mimi niliyekuwa nikishuka kinyumenyume kama mtu anayeteremka mtini! Nafuu hiyo ilidumu wiki tisa. Ya pili, wiki tano tu. Nilipotaka ya tatu upesi, daktari alikataa, akanieleza kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, ambamo watu 140 walichomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili: waliopewa steroidi walipoteza gegedu (ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa, wala maumivu yao hayakupungua zaidi.

Bibi wa Wawili
Mwalimu, ongeza na hili. Mimi nina kisukari, na hakuna aliyeniuliza. Sukari yangu, ambayo kwa kawaida huwa 7, ilifika 16 kesho yake na ikachukua siku nne kushuka. Ndugu uliyeanzisha mada, kama una kisukari, sema kabla ya kuchomwa.

Fundi Cherehani
Mimi nilichomwa asidi ya hailuroniki, yaani ute wa kulainisha kiungo, ambayo hapo awali ilitolewa kwenye vishungi vya majogoo, mara moja kila wiki kwa wiki tatu mfululizo. Sikuona tofauti yoyote.

Mtembea Polepole
Nilivutwa damu mkononi, ikazungushwa mashineni ili kutenga chembe sahani, yaani zile chembe zinazosaidia damu kuganda, kisha nikachomwa chembe hizo gotini. Nilipata nafuu, lakini siwezi kuapa kwamba ilitokana na sindano, kwa maana wakati huohuo nilikuwa nimeanza mazoezi ya misuli ya paja, na utafiti wa Australia wa mwaka 2021 uliohusisha watu 288 haukuona tofauti ya maana kati ya tiba hiyo na maji ya chumvi baada ya miezi 12. Kwa hiyo fedha ya sindano nyingine nimempelekea mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mwalimu Mstaafu
Nilisahau jambo moja. Ikiwa unafikiria kubadilishiwa goti kwa upasuaji, mweleze daktari mapema, kwa sababu kuchomwa sindano ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi. Upasuaji wangu umeahirishwa kwa sababu hiyo.