Andiko limerudishwa kabla halijasomwa: nianzie wapi kuomba ruzuku ya utafiti kutoka nje?

Mhadhiri wa Nkuhungu (Jumapili, saa 3 usiku)

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mhadhiri wa afya ya jamii katika chuo kimojawapo hapa Dodoma. Pamoja na mwenzangu wa upande wa kompyuta tumekuwa tukitengeneza programu ya simu ambayo mhudumu wa afya ngazi ya jamii ataitumia kupiga picha ya jicho na kuambiwa papo hapo kama kuna dalili za trakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tumeukuta ukiitwa vikope. Tunakusudia kuanzia Chamwino na Bahi.

Mwezi uliopita tuliomba ruzuku ya Marekani. Tulikaa miezi minne tukiandika, mara nyingi usiku, baada ya kumaliza kusahihisha mitihani. Siku ya mwisho, saa 8 mchana, tulipobonyeza kitufe cha kutuma, mfumo ulitujibu kwamba usajili wa chuo ulikuwa umekwisha muda wake siku 11 nyuma. Aliyekuwa na nywila alikwishahamia taasisi nyingine, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kitu cha kuhuisha. Andiko letu halikusomwa na mtu yeyote.

Naomba msaada kwa waliokwisha kupita njia hii. Je, tuanze na mfadhili yupi? Je, niombe nikiwa mtafiti mkuu, au nijiunge kwanza na kundi la chuo cha nje kama mtafiti mwenza? Na vibali vyetu vya hapa nchini vifuatwe kabla ya kuomba au baada ya kupata fedha?

Bi Mafaili (Jumatatu, saa 2 asubuhi)

Pole sana, Mwalimu. Nimekaa ofisi ya utafiti miaka tisa na nimeona maandiko mengi yakifa kwa namna hiyo hiyo. Nitaanza na usajili, kwa kuwa ndio uliokuumiza.

Kwa fedha za NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, taasisi ya nje ya nchi hiyo inahitaji kwanza namba ya NCAGE (namba ya utambulisho kwa taasisi zilizo nje ya Marekani), kisha usajili wa SAM (mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaopokea fedha zake) ambao ndio unaozaa namba ya utambulisho iitwayo UEI, kisha akaunti za Grants.gov (tovuti ya kutumia maombi ya ruzuku) na eRA Commons (mfumo wa NIH wa kufuatilia maandiko). Usajili wa SAM hudumu siku 365 tu, halafu unapaswa kuhuishwa. NIH wenyewe wanatahadharisha kwamba safari yote inaweza kuchukua wiki sita au zaidi, na kwa uzoefu wangu hayo "au zaidi" ndiyo ya kuyatilia maanani. Jina na anwani ya taasisi lazima vifanane katika kila mfumo, herufi kwa herufi. Kwetu tulipoteza wiki tatu kwa sababu hati moja ilikuwa na sanduku la posta na nyingine ilikuwa na jina la barabara.

Kwa fedha za Umoja wa Ulaya mambo ni mepesi zaidi. Taasisi inatumia namba moja ya tarakimu 9 inayoitwa PIC, na inawezekana sana chuo chako tayari kinayo. Ulizia kabla ya kusajili nyingine, kwa maana nimewahi kuona chuo kimoja kikiwa na namba tatu, kila moja ikiwa imefunguliwa na mhadhiri wake, na hakuna hata moja iliyokuwa imethibitishwa.

Nywila zisikae kwa mtu mmoja. Omba ziwe za watu wawili, na barua pepe inayopokea taarifa za kuhuisha iwe ya ofisi, isiwe ya mtu binafsi.

Jambo lingine ni saa, na msinicheke. NIH hufunga saa 11 jioni kwa saa za mahali ilipo taasisi inayoomba, yaani saa 11 jioni yetu ya Dodoma. Umoja wa Ulaya hufunga kwa kawaida saa 11 jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa 12 jioni wakati wao wakiwa katika majira ya joto, na saa 1 usiku wakiwa katika majira ya baridi. Mtafiti wetu mmoja alisoma "17:00" vizuri kabisa, lakini alipompigia mwenzake simu akamwambia "mwisho ni saa tano yao", na mwenzake akaelewa saa tano usiku. Sehemu ya bajeti ilifika saa 4 usiku, dirisha likiwa limefungwa tangu jioni.

Kuhusu vibali: NIH hawadai kibali cha maadili siku ya kuomba. Hukiulizia baadaye, andiko linapokuwa limepata alama nzuri na linakaribia kupewa fedha. Hata hivyo usisubiri siku hiyo ndipo uanze. Kamati ya maadili ya chuo, halafu NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa kibali cha kitaifa, halafu COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ikiwa timu ina mtafiti wa kigeni, zote zina kalenda zake za vikao. Kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja na huhuishwa, kwa hiyo ukikichukua mapema mno kitaisha ukiwa bado unasubiri fedha. Mimi huwashauri watu wawe na itifaki iliyokamilika mkononi, wakiwa tayari kuiwasilisha wiki ile ile matokeo yanapotoka.

Mzee wa Mlimwa (Jumatatu, saa 6 mchana)

Bi Mafaili amemaliza habari za milango, nami niseme kidogo juu ya kilichomo ndani ya nyumba. Nimekaa katika majopo ya kusoma maandiko ya wenzetu mara kadhaa. Andiko lako, Mwalimu, kwa jinsi ulivyolieleza, lingesomwa lingepata shida hata kama usajili ungekuwa hai.

Umeanza na programu ya simu. Msomaji hatoi fedha kwa ajili ya simu, anatoa kwa ajili ya tatizo ambalo anaamini halijatatuliwa. Na ukisema trakoma katika mkoa wa Dodoma, ujue unaongea na watu wanaoifahamu wilaya ya Kongwa, ya mkoa huu huu, tangu zamani. Chuo cha Johns Hopkins kimekuwa na kazi Kongwa tangu miaka ya 1980, na jaribio la kunawisha watoto uso lililofanyika huko lilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995. Msomaji wako wa London huenda anaijua Kongwa kuliko anavyoijua Dodoma yenyewe. Ukiandika kana kwamba wewe ndiye wa kwanza kuona vikope katika mkoa huu, ataweka kalamu chini.

Hoja yako yenye nguvu iko mahali pengine. Shirika la Afya Duniani limeweka vipimo vya kusema trakoma si tatizo la afya ya jamii tena: dalili za uvimbe hai kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9 ziwe chini ya asilimia 5, na kope zilizogeukia ndani, ambazo mfumo wa afya hauna habari nazo, ziwe chini ya asilimia 0.2 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Kadiri ugonjwa unavyopungua, wapimaji wanakutana na macho machache yenye ugonjwa, na jicho la mpimaji ambalo halioni ugonjwa linasahau. Hapo ndipo picha inapopata kazi ya kweli, kwa sababu inaweza kusomwa mara mbili na watu wawili, kuhifadhiwa, na kufundishia wapimaji wapya. Hilo ni tatizo ambalo wafadhili wanalihangaikia sasa hivi.

Halafu chagua jambo moja. Dalili za mtoto ziko upande wa ndani wa kope la juu. Lazima kope ligeuzwe, na unatafuta vivimbe vitano au zaidi ambavyo kila kimoja kina upana wa angalau nusu milimita. Nani atamgeuzia kope mtoto wa miaka miwili anayelia, huku ameshika simu kwa mkono wa pili, nje ya nyumba, jua la saa 7 likimulika? Mhudumu wa jamii hakufundishwa hivyo. Kwa upande mwingine, nywele za kope zilizogeukia ndani kwa bibi wa miaka 60 zinaonekana bila kugeuza chochote. Kama mngeniuliza mimi, ningeanza na bibi.

Tangu Januari 25, 2025 NIH wanapima maandiko mengi ya utafiti kwa mambo matatu: umuhimu wa utafiti, uthabiti wa mbinu pamoja na uwezekano wa kutekelezeka, na utaalamu na nyenzo za timu. Mawili ya kwanza hupewa alama kuanzia 1 hadi 9, na huko 1 ndiyo bora, kinyume na mitihani yetu. La tatu huulizwa tu kama linatosha. Ukurasa mmoja wa malengo ndio unaoamua karibu kila kitu. Wasomaji wengine wa jopo hawatasoma zaidi ya huo. Uandike mwanzo, uuandike tena mwisho, na umpe mtu asiye wa fani yako ausome. Mimi humpa mke wangu, ambaye ni mwalimu wa historia, na akiuliza "kwa hiyo mnataka kufanya nini hasa?" najua bado.

Hesabu za Area C (Jumatatu, saa 2 usiku)

Naomba niongeze la fedha, maana mimi ni mhasibu wa miradi na ndiye ninayebaki na maswali watafiti wanapokwenda kwenye mikutano.

Kabla ya kuchagua mfadhili, angalia anachowaachia kwa gharama za uendeshaji za taasisi. NIH huipa taasisi ya nje asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja, tena baada ya kuondoa baadhi ya vifungu. Miradi ya Horizon Europe ya Umoja wa Ulaya, ukiwemo mpango wa Global Health EDCTP3 unaofadhili tafiti za magonjwa kama haya katika Afrika kusini mwa Sahara, hutoa kiwango cha asilimia 25. Tofauti hiyo ndiyo inayolipa umeme, intaneti, mkaguzi na mimi mwenyewe. Mtafiti asiyejua hili huandika bajeti nzuri kwenye karatasi, halafu chuo kinaanza kukata kwenye mafuta ya gari.

Kama chuo chenu ni cha umma, simu zenu 40 zitanunuliwa kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, si kwa kwenda dukani na fedha za masurufu. Wekeni muda wa ununuzi kwenye mpango kazi. Masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati huzuia masurufu mengine, nanyi mtakuwa Bahi mnasubiri.

Bajeti ya dola nayo isifanywe kwa kiwango cha siku moja. Mwishoni mwa mwaka 2024 shilingi iliimarika kwa haraka, na mradi mmoja niliokuwa nikiusimamia, ambao mishahara na posho zake zote zilikuwa za shilingi, ulijikuta na upungufu ambao haukusababishwa na mtu yeyote.

Msipange kukusanya taarifa kati ya Januari na Machi. Mvua zinanyesha, njia za makorongo hazipitiki, na wale bibi wa Mzee wa Mlimwa wako shambani tangu alfajiri.

Mhadhiri wa Nkuhungu (Jumanne, saa 1 usiku)

Nawashukuru sana. Mzee, shikamoo. Ulichosema kuhusu mtoto anayelia kimetokea kweli: katika majaribio yetu ya awali, picha nyingi za watoto zilikuwa za kidole cha mhudumu. Tumekubaliana kuanza na watu wazima.

Bado nina swali la utafiti mwenza. Kuna profesa wa chuo kimoja cha Marekani anayetaka tuwe chini ya ruzuku yake, na picha zote zihifadhiwe kwenye kompyuta za kwao.

Mama Takwimu (Jumanne, saa 3 usiku)

Mwalimu, soma kwanza tangazo la sasa. Mnamo Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku zenye mgawo wa fedha ambao taasisi iliyopewa ruzuku huupitisha kwenda kwa taasisi za nje ya Marekani mpaka iweke utaratibu mpya, kwa hiyo mpango wa "kuwa chini yake" muulize ameupanga kwa kanuni ipi. Mimi sipingi kuanza kama mtafiti mwenza, ila uwe na sehemu yako inayotajwa, bajeti iliyo kwa jina la chuo chako, na makubaliano ya nani ni mwandishi wa kwanza wa lipi, yote yakiwa yameandikwa kabla ya kutuma.

Picha ni suala zito zaidi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na ina masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. NIMR nao watataka mkataba wa kuhamisha takwimu. Wakati huo huo, tangu Januari 2023 NIH wanataka kila andiko la utafiti unaozalisha takwimu za kisayansi liwe na mpango wa kuzitunza na kuzishirikisha. Mambo haya mawili yanapatana, ila lazima yaandikwe pamoja: picha ikatwe ibaki jicho peke yake, jina na kijiji vikae kwenye faili jingine hapa Dodoma, na nakala inayokwenda nje iwe ile iliyokatwa. Na kwa kuwa programu yenu inatoa jibu la ugonjwa, waulizeni mapema TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kama wataihesabu kuwa kifaa tiba. Makao makuu yao yako hapa hapa mjini, msisubiri kuulizwa na jopo.

Mhadhiri wa Nkuhungu (Jumatano, saa 4 asubuhi)

Nimetoka ofisi ya utafiti sasa hivi. PIC ipo, na imethibitishwa. SAM tumeanza kuihuisha leo, kwa majina mawili. Swali la mwisho, Bi Mafaili: barua ya kuomba kuungwa mkono na halmashauri tumwandikie nani?

Bi Mafaili (Jumatano, saa 5 asubuhi)

Mwandikie Katibu Tawala wa Mkoa, nakala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Yeye ndiye atakayewaandikia Wakurugenzi wa Chamwino na Bahi, nao watawashushia Waganga Wakuu wa Wilaya na watendaji wa kata. Ambatanisha muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, maana andiko lenyewe hakuna atakayelisoma, na uweke namba ya simu inayopokelewa.