Naomba ushauri: Charlotte, Emporia au Colorado kwa gofu ya diski (kurusha diski hadi kwenye kikapu)?

Habari wadau. Nina wiki moja Marekani mwezi Oktoba, begi la diski 12 tu. Charlotte, North Carolina, viwanja vingi ni vya msituni, njia nyembamba. Ukipinda kidogo umegonga mti, kwa hiyo diski za mwendo mdogo zinatosha. Emporia, Kansas, tatizo ni upepo: ukija usoni, diski ya gramu 150 ya mrushaji wa mkono wa kulia inapinduka kulia na kutokomea. Huko ningebeba za 173 hadi 175, ngumu kupinduka. Colorado hewa ni nyepesi, diski hizohizo zinakata kushoto mapema mno, zinafaa zinazopinduka kirahisi. Nichague wapi pawili? Naegemea Charlotte, ila majani yakidondoka diski zinafukiwa. Na theluji Colorado, Oktoba inasumbua?