Kibodi mpya inanitesa kwenye Linux, nifanyeje kabla ya Jumatatu?

Mnukuzi_Umoja: Wadau, hamjambo. Kazi yangu ni kunukuu rekodi za mikutano na mahojiano, nalipwa kwa dakika ya sauti. Nimejinyima miezi mitatu nikanunua kibodi ya mekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake, Sh 8,500, dukani Luthuli Avenue. Laptopu yangu inaendeshwa na mfumo wa Linux Mint, si Windows. Sasa F1 inafifisha skrini badala ya kufungua msaada. F10 ndiyo naitumia kusimamisha rekodi, lakini inazima sauti tu, nayo rekodi inaendelea kukimbia kimyakimya. Juu ya hayo, herufi zinajirudia: nikiandika "kikao" inatoka "kiikaoo". Nimeshamwambia muuzaji kwamba haipatani na Linux, amekubali niirudishe Jumatatu. Swali langu: nichukue aina gani nyingine?

Kijana_wa_Githurai: Rudisha Windows, kaka. Ulitoka kwenye lami ukaingia matopeni mwenyewe.

Mama_Saiba: Mwanangu, mimi nina saiba Kayole mwaka wa tisa, kibodi ya mekanika sijawahi kununua. Hizi za kawaida zikifa natupa. Mwisho wa Juni, watu wamepanga foleni wajaze ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30, mteja mmoja alinimwagia soda kwenye mashine ya mbele. Nilifanya kazi mpaka saa sita usiku na mashine mbili. Usizoee vitu vya bei.

Fundi_Pangani: Tuache bei kwanza. Chomeka kwa waya, uandike `lsusb` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), itaorodhesha vifaa vya USB, utuletee mstari wa kibodi.

Mnukuzi_Umoja: Umeandikwa 05ac:024f, Apple. Lakini kibodi si ya Apple! Nimeuziwa bandia?

Fundi_Pangani: Hapana. 05ac ni namba ya Apple, na kibodi nyingi zinazotengenezewa watu wa Mac hujitambulisha hivyo. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikiiona inaipa dereva (programu ya kuendesha kifaa) wa hid_apple, ambaye kwa kawaida huweka kazi za mwanga na sauti mbele, vitufe vya F vikaja nyuma. Andika hivi:

`echo 2 | sudo tee /sys/module/hid_apple/parameters/fnmode`

2 maana yake F zitangulie. Ikikataa, weka 0. Ikikubali, fungua faili /etc/modprobe.d/hid_apple.conf, uweke `options hid_apple fnmode=2`, halafu `sudo update-initramfs -u`, la sivyo ukiwasha upya yote yatarudi yalivyokuwa.

Hilo ni la F. La herufi ni kitu kingine. Zinazojirudia ni zipi hasa?

Mnukuzi_Umoja: Fundi, Mungu akubariki, 2 imekubali! F10 inasimamisha rekodi. Za kujirudia ni I, O, na L kidogo.

Fundi_Pangani: I, O, L. Angalia zilivyokaa. Ni majirani. Linux haijui I inakaa karibu na O. Ulimwaga nini?

Mnukuzi_Umoja: Mbona unauliza hivyo? Kibodi ina wiki mbili tu.

Fundi_Pangani: Nakuuliza kwa sababu nataka kukusaidia.

Mnukuzi_Umoja: Chai. Siku ya nne. Robo kikombe, nikapangusa hapo hapo. Lakini shida ya F ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo sikudanganya niliposema haipatani na Linux. Na muuzaji hakuniuliza kama imemwagikiwa.

Mwalimu_Mstaafu: Kijana, kutoulizwa si ruhusa. Yule ataiweka tena kwenye rafu, ainunue mwenzako aliyejinyima vilevile. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya 2012 inamlinda mteja dhidi ya muuzaji mwongo. Usiigeuze.

Mnukuzi_Umoja: Mwalimu, nakuheshimu, ila 8,500 ni kodi yangu ya nusu mwezi. Duka halitafilisika.

Kijana_wa_Githurai: Duka halitafilisika, lakini yule kijana wa kaunta atakatwa mshahara. Nimewahi kuwa yeye.

Shahidi_047: Ngojeni. Mimi siamini hadithi hii. Nimesoma ujumbe wa kwanza mara mbili, una I na O tele, na hakuna hata moja iliyojirudia isipokuwa kwenye mfano wa "kikao". Huyu ametunga tuumize vichwa.

Mama_Saiba: Hee, na mimi nilikuwa nimeanza kumwonea huruma.

Mnukuzi_Umoja: Ninaandika kwa kibodi ya laptopu yenyewe! Inafanya kazi. Nilinunua nyingine kwa sababu nikiiandikia kwa muda wa saa sita vidole vinakufa ganzi. Kwa nini nitunge?

Shahidi_047: Basi thibitisha. Washa `evtest`, programu inayoonyesha vitufe vinavyobonyezwa, chagua kibodi, bonyeza I mara moja. Programu huandika 1 ukibonyeza, 0 ukiachia, 2 kama umeshikilia na mfumo unarudia wenyewe. Ikija 1 na 2, ni mipangilio ya Linux. Ikija 1, 0, 1, 0, ni swichi.

Mnukuzi_Umoja: Nimebonyeza mara moja: 1, 0, 1, 0. Nimerudia mara tano, nne zimetoka hivyo.

Shahidi_047: Nimekubali, samahani. Hiyo ni sukari kwenye mguso wa swichi. Linux haina hatia.

Fundi_Pangani: Kama swichi zake hazijachomelewa bali hung'oka tu, toa hizo tatu tu kwa kikoleo chake, waya ukiwa umechomolewa. Uzioshe kwa spiriti ya kusafishia vifaa, ile isiyo na maji mengi, ubonyeze mara nyingi, ziache zikauke usiku kucha. Isipopona, swichi moja ni bei ndogo sana ukilinganisha na kibodi nzima.

Mwalimu_Mstaafu: Na muuzaji?

Mnukuzi_Umoja: Nimemwandikia kwamba siji Jumatatu, na nimemwambia kuhusu chai. Nilikaa na huo ujumbe karibu saa nzima kabla ya kuutuma. Bado hajajibu.

Mnukuzi_Umoja: Jumapili asubuhi. Chini ya I kulikuwa na kitu cha kahawia kimeganda kama gundi. I sasa inaandika moja. L pia. O bado inajirudia, naiosha tena. Nina dakika 90 za mkutano wa chama zinanisubiri.

Mama_Saiba: Na chai weka chini, mbali na meza.