Tupeane uzoefu: uliwahi kujitolea kwenye makumbusho ya mtaa? Kilikukuta nini?

Mwana Katuba
Jana nilipita nyuma ya parokia, hapa Lubumbashi, pale tulipokuwa na kile chumba chetu cha ukumbusho. Kibao hakipo. Mlangoni kuna meza ya kuuza krediti na kuchaji simu, na ile kabati ya vioo tuliyoibeba watu sita kutoka Kamalondo imejaa chaja na biskuti. Nilisimama mpaka kijana akaniuliza nataka krediti ya ngapi.

Basi aibu yangu yote ikarudi. Ilikuwa 2014, wiki moja kabla ya tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani. Tuligawana kazi, mimi nikapewa "kusafisha vyuma". Hakuna aliyenieleza kusafisha ni kufanya nini. Kulikuwa na misalaba minne ya shaba, ile ya zamani ya mababu, si ya kanisa, ya kijani na nyeusi kama imeota ukungu. Nikaenda kwa mama, nikachukua ndimu sita, chumvi na majivu, nikakaa kwenye ngazi kusugua toka saa 2 asubuhi mpaka saa 8. Wa kwanza ulipoanza kuwa mwekundu kama waya mpya niliita watu waje waone.

Mzee msimamizi alipofika hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaketi juu ya ndoo. Akauliza: "Yote minne?"

Nikajibu kwa furaha: "Wa mwisho bado upande mmoja."

Haya, nanyi semeni yenu, nisiaibike peke yangu.

Yaya Kamalondo
"Bado upande mmoja" 😂😂 Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Kapita Mstaafu
Mnacheka. Ile kijani si uchafu, ni miaka. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi ya zamani yalipochimbuliwa ilionekana kwamba misalaba ya kwanza ilikuwa mikubwa, inalazwa kifuani mwa maiti. Karne zilivyopita ikawa midogo, inafanana, inawekwa mingi pamoja karibu na mikono. Hapo ndipo wataalamu walitambua kwamba imekuwa pesa. Ukubwa wake unasema, mahali ulipolala panasema, hata kutu inasema, maana kamba au kitambaa kilichoufunga huacha alama ndani ya kutu. Wewe ukaja na ndimu ukafuta maandishi.

Mwana Katuba
Papa, nilikuwa na miaka 19.

Kapita Mstaafu
Hata mimi niliwahi kuwa na miaka 19. Sikusugua kitu.

Ruashi Moja
Nashuhudia. Ile misalaba niliiona kwa macho yangu, ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi.

Mtoto wa Kenya
Yangu ni ya friza. Tulikuwa na sanamu ya mbao, mwanamke ameshika matiti yake, na kila asubuhi chini yake tunakuta unga kidogo, mweupe, laini, kama wa muhogo. Wadudu. Mwalimu mmoja wa chuo akatuambia: mfungeni kwenye plastiki mbili, mumgandishe wiki mbili, baridi kali kabisa, wadudu watakufa. Friza tunayo wapi? Nikaenda kwa shangazi anayeuza tomsoni, wale samaki wa barafu.

Shangazi akamtazama: "Huyu ni nani?" Nikasema ni wa makumbusho. "Na analala na samaki wangu?" Tukamlaza chini kabisa, makartoni ya samaki juu yake.

Siku ya nne umeme ukaenda. Mnaijua Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi. Ulirudi baada ya siku tatu. Maji ya samaki yalikuwa yameingia kwenye plastiki ya kwanza, na ya pili ilikuwa na kitundu. Tulimtoa, wadudu wazima, na harufu ya tomsoni ilikaa naye mpaka Noeli. Watoto wa shule walimpa jina la Mama Tomsoni. Mwalimu wao anaeleza habari za mababu, wao wanaziba pua. Shangazi ananidai makartoni mawili mpaka leo.

Likasi Damu
Dawa ya wadudu ni majani ya tumbaku. Funga kwenye kitambaa, weka kabatini. Bei ndogo, umeme hauhitajiki.

Yaya Kamalondo
Tumbaku haifanyi kitu, wanaivuta tu. Naftalini.

Kapita Mstaafu
Naftalini katika chumba kisicho na dirisha, na watoto wa shule ndani. Haya.

Binti wa Golf
Kwetu tatizo lilikuwa vibao. Tuliviandika kwa Kifaransa kizuri, vimechapwa, vimepangwa, halafu watu wakalalamika.

Mtoto wa Kenya
Walilalamika kwa haki, dada. Bibi yangu alisimama mbele ya chungu alichokitoa yeye mwenyewe akauliza imeandikwa nini pale.

Binti wa Golf
Sawa, na Kiswahili kipi? Wengine wanataka "shaba", wengine "mukuba", mwingine anasema Kiswahili chetu si Kiswahili, tumpigie simu mtu wa Dar es Salaam. Nilitoka kikao saa 3 usiku kwa neno moja.

Ruashi Moja
Mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997, na bado mnauliza neno.

Likasi Damu
Mna bahati nyinyi mligombana kwa vibao. Sisi tulitundika ile bendera ya 1960, ya Katanga ilipojitenga na Kongo, yenye misalaba mitatu, kwa sababu ni historia na wazee waliomba. Kabla ya saa 6 mabwana wawili wenye miwani myeusi walikuwa ndani, na tiketi hawakununua. Hiyo ilikuwa Mei 2013, miezi miwili tu baada ya watu wenye silaha kuingia Lubumbashi na bendera hiyohiyo. Akili tulikuwa tumeziacha wapi, sijui.

Mama Fwaye
Mimi nilikuwa sitaki kuandika, lakini huyu wa chumba nyuma ya parokia amenigusa, maana mimi nilikuwa chumba hichohicho, miaka miwili baada ya ndimu zake. (Mwanangu, ile misalaba tuliikuta. Tulikuwa tunaambiana imenunuliwa sokoni.)

Kulikuwa na picha ya wafanyakazi wa kambi, ya miaka ya 1930. Wanaume 14, mistari mitatu, nyuma yao nyumba za matofali. Watano walikuwa na vibati vya namba kifuani na ukisogea karibu unasoma namba, lakini jina hata moja hakuna. Mimi nikaleta wazo, na nilijiona nina akili sana. Siku ya milango wazi tuweke plastiki inayoonyesha juu ya picha, na kalamu ya wino wa kufutika, anayemtambua mzee wake aandike jina juu ya kichwa chake.

Asubuhi ilikuwa tamu. Watu wanacheka, wanaonyeshana masikio: "Tazama, ni ya mjomba kabisa." Kufika saa 5 tulikuwa na majina saba. Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, kuna mtu ameshika kofia mkononi, mrefu, anatazama pembeni. Familia moja ikaandika jina la babu yao. Wakapiga picha wote, watoto mbele.

Saa 7 ikaja familia nyingine. Mama mmoja akasoma, hakusema kitu. Akalamba kidole, akafuta, akaandika jina lingine. Wale wa kwanza walikuwa bado nje wanakunywa soda.

Sitaeleza matusi. Lakini lazima niseme hawa wa pili walikuwa watu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa hapa kwa treni wakati wa fujo za 1992, wakalala stesheni majuma na majuma kabla ya kufika Kasai, na wakarudi baadaye wakakuta mlango wao una kufuli ya mtu mwingine. Basi yule mama akasema, taratibu, chumba kizima kikasikia: "Nyumba mmechukua. Sasa mnachukua na babu?"

Hapo kelele zikaisha. Kuna mtu alirudi nyuma akagonga meza, sufuria ya posho ikaanguka, ikazunguka sakafuni, ikazunguka, hakuna aliyeinama kuiokota.

Ndipo akaletwa bibi mmoja, ameshikwa mkono na kijana. Tisini na kitu. Akaomba kiti. Akatazama picha muda mrefu, pua inagusa plastiki. Akasema: "Huyu si wenu. Na si wenu nyinyi pia. Huyu alikuwa mpishi wa mzungu. Kofia ni ya kapita, mkubwa wa kazi, alipewa aishike tu." Kisha akauliza kama kuna soda.

Jumatatu tulipofungua, picha haipo. Misumari minne, ukuta mweupe. Aliyeichukua aliacha plastiki imekunjwa vizuri juu ya meza, na majina yake yote.

Yaya Kamalondo
Mama! Umenifanya niketi.

Ruashi Moja
Aishike tu 😭

Mtoto wa Kenya
Nani aliiba? Msiseme hamjui. Chumba kina ufunguo mmoja.

Mjukuu wa Kofia
Nimefungua akaunti kwa ajili ya hili tu. Mama Fwaye, shikamoo. Umesimulia vizuri lakini umeacha jambo. Picha ile haikuibwa. Ilikuwa ya mama yangu, ni yeye aliyelamba kidole. Aliwaazima 2015. Alipewa karatasi? Hakupewa. Alisaini? Hakusaini. Kijana mmoja aliiweka kwapani akasema "asante mama, tutaitunza". Mwaka uliofuata anaikuta ukutani na jina la watu wengine juu ya kichwa cha baba yake. Na yule bibi wa soda alikuwa jirani yetu wa zamani, aligombana na nyanya yangu kwa kuku toka kabla ya uhuru. Hata sisi angesema ni wapishi.

Likasi Damu
Mjukuu, bado ni wizi kuingia Jumapili bila mtu.

Mjukuu wa Kofia
Mtu anaiba chake?

Binti wa Golf
Kama kimetolewa kwa umma kimekuwa cha umma.

Mtoto wa Kenya
Dada, kalale. Cha umma, bila karatasi?

Kapita Mstaafu
Hapa kijana ana haki. Daftari moja tu lingetosha. Namba ya kitu, tarehe kilipoingia, nani amekileta, na neno moja: zawadi au azima. Pande mbili zitie saini, kila mmoja abaki na nakala. Namba hiyo iandikwe pia kwa penseli nyuma ya picha, si kwa bik, wino unapenya. Nimeona vyumba vya namna hii vikifa, na havikuuawa na wadudu.

Ruashi Moja
Watu wa Goma mko wapi? Mbona kimya?

Chukudu wa Birere
Tupo. Sisi tulijaribu kukusanya kumbukumbu za 17 Januari 2002, siku lava ya mlima Nyiragongo iliposhuka mpaka ziwani kupitia katikati ya mji. Tukatangaza: leteni kitu kimoja kila nyumba. Wakaleta mawe. Mawe 40 na zaidi siku ya kwanza, katika mji ambao ukitema mate yanaanguka juu ya jiwe. Mzee mmoja akaleta kufuli iliyoyeyuka, ufunguo bado ndani. Hiyo ndiyo tuliyobaki nayo. Mawe tulijengea ngazi.

Mwana Katuba
Mjukuu, picha iko wapi sasa?

Mjukuu wa Kofia
Kwa mama. Ndani ya sanduku, katikati ya vitenge.

Mama Fwaye
Na mimi ninayo ile plastiki. Chini ya godoro, haikuharibika.

Mjukuu wa Kofia
Bado ina majina?

Mama Fwaye
Tisa. Na pale kwenye kofia kuna alama ya kidole cha mama yako.

Kapita Mstaafu
Leteni vyote viwili. Mimi naleta daftari. Ya bibi wa kuku nayo tunaiandika, kwa penseli.

Yaya Kamalondo
Mnaleta wapi, na chumba kinauza krediti?

Mwana Katuba
Nimerudi kumuuliza kijana. Anasema Jumapili mchana hafanyi kazi, tunaweza kukaa, ila kabati haitoi.

Mtoto wa Kenya
Mnaweza kuja na Mama Tomsoni? Yuko kwetu, nje, chini ya mwembe. Shangazi hamtaki ndani.