Tupeane uzoefu: Alien ya 1979 uliicheki wapi mara ya kwanza na ilikufanyaje?

Wakuu heshima zenu. Juzi usiku nimeirudia Alien, ile ya kwanza kabisa ya Ridley Scott, wafanyakazi wa chombo cha angani wanawindwa na dude humo humo ndani, nikasema ngoja nione kama inatisha kweli au ulikuwa utoto tu. Nikazima taa ya sebuleni. Walipofika pale mezani, dude linamtoboa mtu kifua, nikanyanyuka nikaiwasha mwenyewe.

Mi niliionea kibanda umiza, Mbeya, TV ya chogo na jenereta nje inanguruma. Na sheria ya kibandani mnaijua, steringi hafi. Sasa tukawa tunamtafuta steringi ni nani, tukampa kapteni Dallas, ana ndevu, ndo bosi wa chombo, nani mwingine. Akaingia kwenye njia za hewa na mtambo wake wa moto, yule dada Lambert anampigia kelele kwamba kitu kinakuja upande wako, mara paap, kwisha habari yake. Kibanda kimya kama msibani halafu jamaa mmoja nyuma akapayuka "turudishieni hela zetu, mmeua steringi!" Kumbe steringi ni Ripley, yule aliyekataa kuwafungulia mlango kwa sababu ya karantini wenzake wakamuona mnoko. Nadhani ndo maana halizeeki hili picha, hujui umshikilie nani. Haya tiririkeni.

Utingo mstaafu
Mi niliicheki kwenye simu Tunduma, foleni ya malori siku ya tatu hatujavuka. Nikamwambia dereva, kaka hii ni stori yetu. Watu saba wanavuta mzigo, tani milioni 20 za madini, wameamka tu mafundi Parker na Brett wanaanza kudai bonasi, we utingo gani hajawahi kulia hivyo? Halafu Ripley anaiuliza kompyuta, wanaiita Mama, ndo anakuta kampuni imeagiza lile dude liletwe hata wafanyakazi wakifa poa tu. Na mwenzao Ash kumbe ni roboti la kampuni. Sisi tulishawahi kulala na gari Kitonga, dereva mguu umevunjika, tajiri anapiga simu swali la kwanza "mzigo umemwagika?" Lile dude mi halikunitisha kivile. Simu ya tajiri ndo nilikuwa naiota.

Mlingoti
Kwa wanaodhani dude limechorwa kwa kompyuta, hapana, mle ndani kuna mtu, tena Mwafrika mwenzetu. Bolaji Badejo, Mnigeria, mwanafunzi huko London, walimkuta baa wakaona huo urefu, mita 2 na ushee, wakamvalisha lile vazi alilobuni msanii Giger wa Uswisi. Hakucheza picha nyingine, alifariki 1992. Mi nina futi sita na nne, shuleni nilikuwa mlingoti, twiga, nguzo ya umeme, majina yote. Siku nilipojua habari za Badejo niliirudia picha nzima namwangalia yeye tu, anavyojikunjua taratibu kama hana haraka na mtu. Na anaonekana dakika chache sana, jamani, muda mwingi unaogopa giza tu.

Baba Kijacho
Kosa langu niliiweka wife akiwa na mimba ya miezi saba. Kane anatoboka kifua pale mezani na mtoto naye huku akapiga teke. Remoti sijaiona mpaka leo. Nimesoma waigizaji walijua kitu kitatoka ila hawakuambiwa damu itaruka kiasi kile, na yule dada aliyeigiza Lambert, aliyerukiwa usoni, alishtuka kweli, sasa fikiria wangu.

Wa Bukoba
Mzee wangu alipigana vita vya Kagera. Amin kafurushwa Kampala Aprili 1979, hili picha likatoka Marekani Mei mwaka huo huo. Miaka imepita namwekea, katulia na chai yake, Parker anatokea tu mzee anaweka kikombe chini, "Huyu si Amin huyu?" Na kweli bwana, Yaphet Kotto, anayeigiza Parker, alishamwigiza Amin kwenye picha ya Raid on Entebbe na mzee alikuwa ameiona. Nikamweleza baba huyu ni mwigizaji, hapa ni fundi tu anadai bonasi yake. Wapi. Parker anakufa akijaribu kumwokoa Lambert, mimi machozi yananilenga, mzee anapiga makofi.