Langhe na mama mkulima wa zabibu: La Morra, Serralunga au Barbaresco?

Mgogo_wa_Torino
Wakuu, salaam. Mama yangu anakuja kunitembelea katikati ya Oktoba, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ana ekari mbili za zabibu kule Hombolo, na ameshaniambia kabisa kwamba Roma na Venezia niwaachie wapiga picha. Yeye anataka kuona "hao wanaolima zabibu milimani wanafanyaje". Kwa hiyo ni Langhe, vile vilima vya kusini mwa mkoa wa Piemonte, Italia, inakotoka mivinyo ya Barolo na Barbaresco.

Tuna Jumamosi nzima, na Jumapili mpaka saa saba mchana. Magoti yanamsumbua, ngazi anapanda kwa kuhesabu. Nimebakiza vijiji vitatu: La Morra, Serralunga d'Alba na Barbaresco. Sitaki kumkimbiza vyote. Nataka mahali pa kukaa, atazame mpaka achoke mwenyewe. Mngechagua kipi? Gari nitakodi Torino.

Bi_Pangani
La Morra, mwanangu, wala usihangaike. Niko Asti mwaka wa 19 sasa na kila mgeni wangu namfikisha pale. Kijiji kiko mita 513 juu ya usawa wa bahari, na kileleni kuna uwanja, Piazza Castello. Jina ni la ngome ambayo haipo tena. Umebaki uwanja, mnara wa kengele na ukingo wa kuegemea. Ukisimama pale Langhe yote imetandikwa chini yako: Barolo kwenye bonde lake, Castiglione Falletto, halafu kwa mbali Serralunga na ngome yake nyembamba kama penseli. Mistari ya mizabibu inazunguka vilima kama kichwa kilichosukwa twende kilioni.

Nenda alasiri. Uwanja unatazama zaidi mashariki, asubuhi jua linakuchoma macho. Alasiri liko mgongoni kwako na vilima vyote vinapata mwanga. Mimi mvinyo sinywi, kwa hiyo kuhusu ladha usiniulize. Kutazama hakuna haramu wala kiingilio.

Njoro_Milano
Bi Pangani, kwa heshima zote, La Morra wikendi ya Oktoba ni kama stendi ya matatu. Mji wa Alba wanakuwa na maonyesho yao ya trufi nyeupe, ule uyoga wa bei mbaya unaoota chini ya ardhi, watu wanamiminika mpaka kutoka Uswisi, na wakishakula wote wanapanda hapo hapo kupiga selfi.

Mimi kura yangu Serralunga. Ile ngome ni ya karne ya 14, kazi ya ukoo wa akina Falletti, na haikugeuzwa kuwa kasri la starehe kama nyingine nyingi. Imesimama wima vile vile, na nyumba za kijiji zimeizunguka kama vifaranga. Huna haja ya kuingia ndani. Zunguka tu chini ya ukuta, kila kona inakupa bonde jingine. Siku ikiwa safi unaiona Alps magharibi, na Monviso imechomoza peke yake, mita 3,841. Mbele ya Mlima Kenya haifui dafu, lakini tuwaachie wafurahi.

Na kijiji cha Barolo chenyewe kisikudanganye kwa jina. Kimekaa chini, vilima vinakitazama chenyewe. Ni kizuri kwa makumbusho: ngome ina makumbusho ya mvinyo, na hapo karibu kuna mengine ya vizibuo. Vizibuo, jamani! Makumbusho mazima.

Dereva_Mstaafu
Kabla ya ngome, mkuu: leseni yako ni ya wapi? Kama ni ya Tanzania na umeshakuwa mkazi wa Italia zaidi ya mwaka mmoja, hapa haikubaliki tena. Na hata ukiwa na ya Italia, kama haijafika miaka 3 hutakiwi kuwa na pombe hata tone. Wengine mwisho ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu. Kwenda nchi ya Barolo na wewe ndiye unayeendesha ni adhabu.

Jingine: miji ya huku ina maeneo ya katikati yasiyoruhusu magari ya wageni, na kamera haina huruma. Mimi niliingia mahali dakika tatu kutafuta choo, barua ya faini ikanikuta nyumbani miezi kadhaa baadaye, nimeshasahau hata safari yenyewe.

Mgogo_wa_Torino
Duh. Niko mwaka wa pili na leseni ni ya Dodoma. Basi gari limekufa. Kuna njia nyingine?

Bi_Pangani
Treni ipo moja kwa moja Torino mpaka Alba. Kutoka Alba kwenda vijijini mabasi ni ya kuotea, na Jumapili ndiyo usiseme. Tafuta nyumba ya wageni iliyo shambani, ongea na wenyewe wakufuate stesheni. Ukiwaambia una mama mtu mzima watakuja. Ukishuka Alba asubuhi upepo ukiwa upande wenu mtanusa chokoleti. Ndiko walikoanzia akina Ferrero, wenye Nutella.

SUA_98
Mbukwenyi! Naona wote mnajibu kuhusu macho ya mtalii, lakini mgeni ni mkulima. Mama atatazama vitu ambavyo sisi hatuvioni, kwa hiyo mwandalie majibu.

Kwanza atauliza kwa nini wamehangaika kupanda mteremkoni wakati bondeni kuna tambarare. Kwetu Dodoma jua liko utosini karibu mwaka mzima, shamba likielekea popote ni sawa tu. Huku jua linapita chini upande wa kusini, kwa hiyo mteremko unaoelekea kusini ni mali. Wenyeji wanauita *sorì*, na wazee walikuwa wakiutambua kwa theluji: panapoyeyuka kwanza ndipo pa kupanda Nebbiolo, zabibu ya Barolo na Barbaresco. Upande wa kaskazini utaona msitu au miti ya hazelnut. Ukishamwambia hilo, akisimama La Morra ataweza kusoma kilima chote: hapa wamepanda, hapa wameacha, na sababu yake.

Pili, udongo. Ni mfinyanzi wenye chokaa, uliokuwa sakafu ya bahari. Upande wa La Morra ni laini zaidi, upande wa Serralunga ni wa zamani zaidi na umeshikamana, na watu wa mvinyo wanasema ndiyo maana Barolo ya Serralunga ni kali na huchelewa kulainika. Aushike mkononi, atakuambia tofauti kabla ya yeyote kufungua chupa.

Tatu, jiandae atakapokuuliza wanavuna mara ngapi. Yeye amezoea mara mbili kwa mwaka.

Kwa hiyo kwangu La Morra, lakini si kwa selfi. Na mteremke kidogo mpaka kwenye kanisa dogo la rangi katikati ya mizabibu ya shamba la Brunate, kati ya La Morra na Barolo. Lilijengwa 1914, wafanyakazi wa mashambani walikuwa wakijihifadhi humo mvua ya mawe ikija. Halikuwahi kuwekwa wakfu. Mwaka 1999 wasanii wawili walilipaka rangi, Sol LeWitt nje na David Tremlett ndani. Wenye magoti waende kwa gari.

Kinondoni_Cuneo
Nimesoma wote na hamjamtaja mshindi. Barbaresco.

Sababu ya kwanza ya kijinga: mnara wake una lifti. Mnara wa zama za kati, umekaa ukingoni kabisa, na mama anafika juu bila kuhesabu ngazi. Chini upande mmoja ni mto Tanaro unapinda, upande wa pili ni mizabibu. Kwa upana La Morra inashinda, sibishi. Lakini La Morra unatazama ramani. Barbaresco uko karibu kiasi cha kuona mtu anakata kishada.

Sababu ya pili ndiyo yenyewe. Hombolo na vijiji vile kilio cha mkulima ni kimoja: zabibu zimeiva, mnunuzi hayuko, au yuko na bei yake. Sasa pale Barbaresco, hatua chache kutoka mnarani, kuna ushirika unaitwa Produttori del Barbaresco. Mwaka 1958 paroko wa kijiji aliwakusanya wakulima wadogo 19 waache kuuza zabibu kwa bei ya kutupa na waanze kutengeneza mvinyo wao wenyewe. Misimu mitatu ya kwanza walikamulia chini ya kanisa. Leo wanachama ni zaidi ya 50 na chupa zao zinauzwa dunia nzima. Kila mtu anabaki na shamba lake. Mpeleke mama hapo, halafu ndiyo apande mnarani ayatazame hayo mashamba. Atayaona tofauti.

Onyo dogo: kanisa la zamani la San Donato pale kijijini sasa ni duka la mvinyo. Kama mama ni wa Umoja wa Akina Mama, mwambie mapema.

Njoro_Milano
Hapo kwa ushirika umenimaliza, boss. Nabadilisha kura nusu. Lakini hamjasema kitu kuhusu yale mabenchi makubwa! Yule Mmarekani Chris Bangle aliyekuwa akichora magari ya BMW aliweka la kwanza, jekundu, Clavesana mwaka 2010. Sasa yamejaa kila kilima. Ukikaa miguu inaning'inia kama mtoto.

Bi_Pangani
Njoro, benchi hilo hata mimi nilisukumwa na wanaume wawili ndipo nikakaa, na kushuka nilishuka kwa dua. Mama wa watu ana magoti.

Jambo la maana zaidi: ukungu. Oktoba unajaa mabondeni, wengine wanasema hata jina Nebbiolo limetokana na neno lao la ukungu. La Morra kwa urefu wake mara nyingine unaupita, vilele vinabaki kama visiwa. Mara nyingine huoni hata kidole chako. Ukikuta hivyo, acheni vilima, nendeni Canelli mkashuke chini ya ardhi. Maghala ya mvinyo wa mapovu yamechimbwa chini ya mji, marefu na ya juu hata wenyewe wanayaita makanisa makuu. Yamo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na vilima hivi tangu 2014.

Mgogo_wa_Torino
Wakuu, tumerudi. Nawaletea ripoti kabla sijasahau.

Jumamosi La Morra, tulifika asubuhi kinyume na ushauri, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na safari zake. Ukungu mzito. Tulikaa kwenye benchi la kawaida pale uwanjani karibu saa nzima tukitazama maziwa. Mama hakulalamika, alisema kwetu mtu angeuombea ukungu huo mvua. Kwenye saa tano hivi ukaanza kufunguka kutoka juu, kwanza mnara, kisha kijiji cha ng'ambo, kisha mistari. Nikamweleza habari ya *sorì* na theluji. Akaanza kunionyesha yeye sasa: "Pale wameacha. Na pale. Na yule amelazimisha, angalia mizabibu yake ilivyokonda."

Alipoambiwa wanavuna mara moja tu kwa mwaka alinyamaza, kisha akauliza mwaka uliobaki wanakula nini.

Jumapili Barbaresco. Lifti ilifanya kazi, mnarani palikuwa na watu sita tu. Lakini SUA_98 na Kinondoni, ninyi ndio mlioamua safari hii. Ya paroko na wale wakulima 19 alinisimulisha mara tatu. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akauliza walipata wapi mapipa, mara ya tatu aliniambia niirudie polepole airekodi kwenye simu awapelekee wenzake wa kikundi. San Donato hakuingia. Alisubiri nje akiwa amekunja mikono.

Kwa hiyo kwa mtu wa picha, La Morra alasiri. Serralunga tuliiona kwa mbali tu, Njoro, nisamehe. Kwa mwenye shamba, Barbaresco, na nenda siku ya kazi kama unaweza.

Kuna kitu kimoja nimegundua usiku huu nikipanga begi lake. Ana mifuko miwili ya plastiki, mmoja ameandika LAMORA, mwingine BABARESKO. Udongo.

Bi_Pangani
Mwambie autupe kabla hajafika uwanja wa ndege!

SUA_98
Kabla ya kutupa, mwulize upi umeshikamana zaidi.